Miksa na Programu ya Kurekodia: Njia Ipi ya Kupitisha Sauti Inakufaa?

Anayetafuta miksa ya studio huuliza kwanza ina chaneli ngapi. Ni swali la maana, lakini halitoshi. Kuna miksa zenye chaneli zaidi ya 20 ambazo waya wake wa USB hupeleka kwenye kompyuta njia mbili tu, kushoto na kulia, basi. Na kuna miksa ndogo kama Tascam Model 12 inayopeleka njia 12, kila moja kwenye traki yake (mstari wake wa kurekodia ndani ya programu), na kupokea 10 zinaporudi. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu feda (vitelezo vya kupandisha na kushusha sauti) zilizopangwa mezani, hesabu njia: ngapi zinakwenda kwenye programu, zinachotwa sehemu gani ya chaneli, na ngapi zinarudi.

Kati ya hayo matatu, mimi huanza na la mwisho. Sauti ya kwenda kila mtu anaifikiria, maana bila hiyo hakuna kurekodi. Ya kurudi husahaulika mpaka mwimbaji avae hedifoni na kujisikia mara mbili, au mpaka traki 16 zikamilike na kugundulika kwamba miksa haina pa kuzipokelea.

Njia mbili, makundi, au kila maiki na traki yake

Njia rahisi kuliko zote ni kutoa MAIN OUT ya miksa, yaani sauti yote iliyokwisha kuchanganywa, na kuiingiza kwenye kadi ya sauti (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta na kuitoa) yenye matundu mawili. Ukirekodi mazungumzo, mazoezi ya bendi au matangazo ya moja kwa moja, inatosha kabisa na sioni sababu ya kutumia zaidi. Ila ujue unachokubali: ulichochanganya ndicho ulichonacho. Snea (ngoma yenye mlio mkali kwenye drams) ikiwa imezidi, huwezi kuishusha peke yake, utashusha na kila kitu kinacholia katika masafa yake, sauti ya mwimbaji ikiwemo. Miksa nyingi za bei ndogo zenye USB ziko kundi hili. Usidanganywe na neno USB lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Tafuta kwenye jedwali la vipimo: ukikuta 2x2 (njia mbili kwenda, mbili kurudi), umepata MAIN OUT ile ile, ila imepitia waya mwingine.

Katikati kuna makundi, yale matundu ya GROUP au SUB. Miksa yenye makundi manne inakupa njia nne huru: drams kwenye 1 na 2, besi kwenye 3, mwimbaji kwenye 4. Kwa anayerekodi vyombo vichache kwa wakati, kisha akaongeza vingine juu yake, hii ni njia nzuri isiyopewa heshima yake. Chaneli yoyote unaielekeza kwenye kundi lolote kwa kubonyeza kitufe, bila kuhamisha waya hata mmoja.

Ukitaka kila maiki na traki yake kwenye miksa ya analogi isiyo na USB ya njia nyingi, utachagua kati ya DIRECT OUT na INSERT, na hapa ndipo inafaa kutulia.

DIRECT OUT ni tundu la kutoa sauti ya chaneli moja. Swali la kuuliza ni moja: linatoa kabla ya feda au baada yake? Likitoa kabla, unaweza kushusha feda hadi chini, traki kwenye programu isijue lolote. Likitoa baada, kila unachofanya kwa kidole kinarekodiwa, hata pale ulipoziba chaneli kwa kitufe cha MUTE ili uzungumze na mpiga gitaa. Kwa bendi inayopiga pamoja huku wewe ukirekebisha wanachosikia, chagua kabla ya feda bila kusita. Baada ya feda kunamfaa anayetaka kuamua mapema, EQ (marekebisho ya sauti nzito na nyembamba) na kiwango vikiwa vimeshakaa kwenye rekodi. Baadhi ya miksa zina kitufe cha kubadilisha kati ya hayo mawili, nyingine zinahitaji kufunguliwa na kuhamisha kiunganishi kidogo kwenye ubao wa ndani. Soma kitabu chake kabla ya kununua.

INSERT, tundu moja linalotoa sauti ya chaneli na kuirudisha, ilitengenezwa kwa ajili ya kompresa (kifaa cha kudhibiti sauti inayopanda na kushuka), lakini mafundi wengi huitumia kurekodia. Jeki yake ni ya TRS (yenye sehemu tatu: ncha, pete na shina), na kwa kawaida ncha hutoa sauti, pete huirudisha. Kwa kuwa tundu hili huwa mara baada ya priampu (kikuza sauti ya maiki), kabla ya EQ na feda, unapata maiki safi isiyoguswa. Wengi huchomeka jeki ya kawaida nusu, hadi mlio wa kwanza wa "tik", ili sauti itoke bila kukata njia ya ndani ya chaneli. Inafanya kazi kwenye miksa nyingi, lakini mimi siipendi. Jeki iliyoshika nusu hulegea mtu akigusa waya, na rekodi hukatika katikati ya wimbo bila taa yoyote kukuonya. Bora uchome waya wako mwenyewe: jeki ya TRS ambayo ncha na pete zimeunganishwa pamoja kwa risasi. Unaichomeka hadi mwisho, sauti inatoka kwenda kwenye kadi na papo hapo inarudi kwenye chaneli kana kwamba hakuna kilichoingia.

Kuna namna ya tatu ya kutumia INSERT, nayo ni kuiweka kompyuta yenyewe katikati ya chaneli. Ncha inakwenda kwenye INPUT 1 ya kadi, pete inapokea kutoka OUTPUT 1. Wakati wa kusikiliza, traki inarudi kwenye chaneli ile ile ya maiki, na EQ na feda zake ziko palepale. Ni mpango mzuri kwa macho, na unaokoa chaneli, kwa sababu kila moja inafanya kazi mbili. Lakini wakati wa kurekodi chochote unachosikia kimepitia kompyuta kwanza, na usipowasha kusikiliza kupitia programu, chaneli inanyamaza kabisa.

Miksa iliyojengwa kwa ajili ya kurudisha

Meza kubwa za studio zilitatua suala la kurudi kwa namna mbili. Moja iligawa meza: upande mmoja chaneli za maiki, upande mwingine safu ya kupokea traki. Nyingine iliweka njia mbili ndani ya chaneli moja, ya kwanza ikitoka kwenye maiki kwenda kwenye mashine ya kurekodi, ya pili ikitoka kwenye mashine kwenda kwenye spika. Meza ya namna ya pili yenye chaneli 24 inapeleka 24 na kurudisha 24 kwa wakati mmoja.

Miksa ya kawaida ya jukwaani haina lolote kati ya hayo. Utalazimika kuigawa mwenyewe: chaneli 1 hadi 8 za maiki, 9 hadi 16 za kurudi. Hapo miksa yako ya 16 imekuwa ya nane. Hili ndilo hesabu ninalomwomba kila mtu alifanye kabla ya kutoa pesa.

Miksa za USB za njia nyingi zinalikwepa kwa swichi. Soundcraft Signature 22 MTK na Tascam Model 24 zote zinapeleka njia 24 na kurudisha 22, na kwenye chaneli kuna swichi ya kuchagua: maiki, au traki inayorudi kutoka kwenye kompyuta. Ukirekodi drams kwenye chaneli 1 hadi 8, unageuza swichi hizo nane, nazo zinapiga ulichorekodi, huku chaneli ya 9 ikibaki kwenye maiki ya mwimbaji. Chaneli moja haiwezi kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, lakini katika kazi ya kila siku hilo halisumbui sana.

Miksa za dijitali kama Behringer X32 zinakwenda mbali zaidi. Kadi yake inabeba njia 32 kwenda na 32 kurudi, na unachagua kwenye skrini kila njia ichotwe wapi. Uhuru huo ni mkubwa na unataka nidhamu, kwa sababu pembejeo kwa kawaida hubadilishwa kwa mafungu ya nane nane: ukielekeza fungu la 1 hadi 8 kwenye kadi ili usikilize drams, maiki zote nane za fungu hilo zimezimika kwa mkupuo.

Kuna wanaohofu kwamba waya mmoja wa USB hauwezi kubeba sauti nyingi hivyo. Unaweza. Njia 32 za biti 24 kwa 48 kHz (sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde) ni takriban megabiti 37 kwa sekunde, na USB 2.0 imepangiwa 480. Kompyuta yako ikikwama, tazama bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa), dereva (programu inayoendesha kadi) na plagini (programu ndogo za kubadilisha sauti) kabla ya kuulaumu waya.

Kama miksa yako ni nzuri na hutaki kuibadilisha, waya wa dijitali kati yake na kadi ya sauti utakusaidia, na hapa nitataja aina tatu: ADAT, MADI na Dante. ADAT hubeba njia nane kwa 48 kHz, na kwa 96 kHz zinabaki nne. Kwa kuwa inatumia mwanga, haileti ule mvumo wa umeme unaotokea vifaa viwili vinapounganishwa kwa shaba. MADI hubeba 64 kwa 48 kHz, hadi mita 100 kwa kebo ya koaksi na kilomita mbili kwa nyuzi za mwanga. Dante, iliyobuniwa na kampuni ya Audinate ya Australia, hupita kwenye kebo na swichi za kawaida za mtandao, na programu yake ya Dante Virtual Soundcard inaifanya kompyuta ipokee hadi njia 64 bila kadi ya ziada. Kwa chumba kimoja, ADAT inatosha, na kama miksa na kadi zote zina jozi mbili za ADAT unapata 16 kwenda na 16 kurudi. Kwa jengo lenye vyumba kadhaa vinavyotakiwa kuzungumza, ningechagua Dante. MADI ni ya meza kubwa iliyokwisha kufungwa mahali pake.

Ila ukiunganisha vifaa viwili vya dijitali kwa ADAT au MADI, kimoja tu kiwe na saa (mapigo yanayopanga kasi ya sampuli) na kingine kikifuate. Ukiacha vyote viwili kwenye INTERNAL, yaani kila kimoja kwa saa yake, utasikia vimlio vidogo vya kupasuka vinavyokuja na kuondoka, na utatafuta kosa kwenye nyaya siku nzima. Dante huchagua kiongozi wa saa yenyewe, na miksa ya USB haina tatizo hili kwa kuwa ndiyo kadi pekee.

Mwimbaji asikie kutoka wapi?

Hapa ndipo uamuzi wote unapoonekana kama ulikuwa mzuri au mbaya. Bafa ya sampuli 128 kwa 48 kHz ni milisekunde 2.7 kuingia na nyingine 2.7 kutoka, bila kuhesabu muda wa vigeuzi vya analogi na dijitali na akiba ya dereva. Bafa ya 512 ni milisekunde 10.7 kila upande, yaani zaidi ya 21 kwenda na kurudi. Sauti hewani husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo mpiga gitaa anayejisikia kupitia kompyuta kwa bafa hiyo anacheza kama aliyesimama mita saba kutoka kwenye spika yake. Mwimbaji anaumia mapema zaidi, kwa sababu sauti yake inamfikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na nakala iliyochelewa ikigongana nayo hedifonini anajisikia mwembamba, kama anayeimba ndani ya bomba.

Miksa ya analogi haina ucheleweshaji huo, na ya dijitali huwa na kidogo mno. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mwenye miksa aitumie kusikilizia. Maiki iingie chaneli ya 1, itoke kwa DIRECT OUT kwenda kwenye kadi, na feda ya chaneli hiyo hiyo imlishe mwimbaji. Muziki wa nyuma urudi kwenye chaneli nyingine mbili. Kisha kwenye programu zima kusikiliza kwa traki inayorekodiwa. Usipozima, sauti yake itafika mara mbili, mara ya kwanza kutoka chaneli ya 1 na mara ya pili, imechelewa, pamoja na muziki wa nyuma. Wengi huchukua hali hii kuwa ubovu wa kadi na kwenda kununua nyingine, kumbe ni kitufe kimoja.

Mwimbaji akitaka mwangwi ili ajisikie vizuri, mpe wa miksa kupitia AUX (njia ya pembeni ya kupeleka sauti), hautaingia kwenye rekodi kwa sababu DIRECT OUT imeshachota kabla. Kama miksa haina mwangwi mzuri, iko mbinu: kwenye programu, peleka sauti yake kwenye plagini ya mwangwi iliyowekwa mwangwi mtupu, sauti kavu ikiwa sifuri, na rudisha huo mwangwi peke yake. Sauti kavu anaipata kwenye miksa papo hapo, na mwangwi unachelewa milisekunde kumi ambazo hakuna atakayezisikia, kwani mwangwi wenyewe kwa asili huja baadaye.

Kusikiliza kupitia programu kunashinda pale tu sauti yenyewe inapotengenezwa na programu, kwa mfano gitaa linalopita kwenye plagini ya amplifaya. Hapo shusha bafa hadi 64, ondoa plagini nzito, na ziba chaneli ya gitaa upande wa miksa.

Mtego wa pili, baada ya ule wa kujisikia mara mbili, ni mkali zaidi. Kwenye miksa ya 2x2, sauti inayorudi kwa USB mara nyingi huingia MAIN, na MAIN ndiyo inayopelekwa kwa USB. Washa kusikiliza kwenye programu na sauti itazunguka: miksa, kompyuta, miksa, kila mzunguko ikiongezeka, mpaka ilie kwa nguvu ya kuumiza masikio na spika. Hata bila kulia, kila traki mpya itabeba nakala ya muziki wa nyuma. Ndiyo maana miksa zilizofikiriwa vizuri zina swichi ya kupeleka sauti ya USB kwenye CONTROL ROOM (spika za fundi) na hedifoni tu, pasipo kuigusa MAIN. Ukilinganisha miksa mbili ndogo za bei moja, yenye swichi hiyo ichukue, hata kama nyingine ina chaneli mbili zaidi.

Viwango

Hapa nitapita haraka. Vifaa vya studio hufanya kazi kwa +4 dBu, takriban volti 1.23, na vya nyumbani kwa -10 dBV, volti 0.316. Tofauti ni karibu desibeli 12. Matundu ya RCA yaliyoandikwa TAPE OUT au 2TR kwa kawaida ni ya kundi la pili, kwa hiyo ukiyaingiza kwenye kadi iliyowekwa +4 utapata rekodi hafifu. Ukifanya kinyume, sauti itapasuka kabla miksa haijaonyesha taa nyekundu. Piga toni ya 1 kHz kutoka kwenye miksa hadi mita isome 0 VU, kisha rekebisha kadi hadi programu isome karibu -18 dBFS (0 ndiyo dari ya dijitali). Kwa biti 24, nafasi hiyo iliyobaki juu ni usalama wako dhidi ya mpiga drams anayechangamka.

Kumiksi ndani au nje

Baada ya kurekodi kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumiksi kila kitu ndani ya programu, miksa ikabaki ya kusikilizia tu. Ya pili ni kutoa traki kwenda kwenye miksa, kuzichanganya kwa mikono, na kurekodi MAIN kama traki mpya ya stirio.

Ya pili ina raha yake. Vidole kumi juu ya feda hufanya maamuzi ambayo kipanya kimoja hakiyafanyi, na EQ ya miksa nzuri huamuliwa kwa sikio bila kutazama mchoro. Gharama zake ni tatu. Wimbo wa dakika nne utachukua dakika nne kutoka, kila mara. Miksa ya analogi haikumbuki ulichofanya jana, kwa hiyo mteja akirudi baada ya wiki kuomba mwimbaji apandishwe kidogo, utategemea picha ulizopiga vitasa. Na unahitaji njia za kurudi za kutosha, tumerejea pale pale.

Wenye njia nane tu za kurudi wana suluhisho ninalolipenda: gawa wimbo ndani ya programu kuwa jozi nne, yaani drams, vyombo, waitikiaji, na mwimbaji mkuu na mwangwi wake. Kwenye miksa, geuza chaneli za namba witiri kushoto kabisa na za namba shufwa kulia kabisa, feda zote kwenye alama ya 0. Sasa unamiksi mambo manne kwa mkono, na kazi ndogo ndogo zinabaki kwenye programu ambako zinahifadhiwa. Traki mpya inayopokea MAIN isipewe njia yoyote ya kutoka kwenda kwenye miksa, ule mzunguko wa sauti usije ukaanza tena.

Kwa kazi ya wateja wengi wanaorudi na mabadiliko, mimi ningemiksi ndani. Kwa albamu ya bendi moja inayokaa studio hadi wimbo umalizike, jozi nne kupitia miksa.

Vyovyote vile, kama utatoa traki moja kwenda kwenye kompresa au EQ ya nje na kuirudisha katikati ya zingine, pima ucheleweshaji wake kwanza. Tuma mlio mfupi kutoka kwenye programu, upite kwenye miksa, urekodiwe kwenye traki mpya, kisha hesabu sampuli kati ya mlio wa asili na uliorudi. Ukipata 312 kwa 48 kHz, hiyo ni milisekunde 6.5, na snea iliyochelewa kiasi hicho itagombana na maiki za juu ya drams hadi ipoteze nguvu yake. ReaInsert ya Reaper inaweza kupima yenyewe, na kwenye baadhi ya programu nyingine utaandika namba kwa mkono. Ukibadilisha bafa au kiwango cha sampuli, pima upya, kwa sababu namba ya jana haitakuwa ya leo.